Sofa ya H1: Hotuba ya Kuzindua Websaiti ya Tarafa ya Kavuthini

Imetolewa katika soko la Salama, Ijumaa ya mwisho ya Agosti 1999, na Mheshimiwa Diwani Evanson Ndeti Kivuva, Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Kichwa na Milango ya Websaiti. Imeandikwa neno kwa neno na karani wa kamati, ambaye hakupewa kiti.

Ehem. Moja, mbili, moja, mbili. Huko nyuma mnanisikia? Basi.

Bwana D.O., afisa wetu wa tarafa, ambaye amewakilishwa. Mwakilishi wa Bwana D.O., ambaye yuko njiani, Chifu wetu mpendwa Musembi, mwenye tarafa yake moyoni na tarafa yote mikononi, manaibu wa chifu, wazee wa vijiji, wazee wa kanisa na Mchungaji wetu aliyetufungulia kwa maombi ya dakika arobaini, walimu wakuu, na walimu wa kawaida, Bwana Thuo mwenye hoteli, ambaye meza yake ya pembeni imebeba maamuzi mazito ya kamati hii pamoja na mbuzi kadhaa, Mwaitu Kasyoka, mwenyekiti wa akina mama wasusi wa vyondo, vile vikapu vyetu vya mkonge, vijana wetu, wenye maduka ambao wamefunga kwa hiari yao baada ya kutembelewa na askari, na hatimaye, kwa unyenyekevu mkubwa, mimi mwenyewe: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu sikumtaja, ajue halikuwa kosa la karani. Hamjambo, mwi aseo?

(Wananchi: Twi aseo.)

Hamjala? Mwi aseo?

(Twi aseo, kwa sauti kidogo. Kweli hawajala.)

Ndugu wananchi, leo Tarafa ya Kavuthini inaingia kwenye super highway ya habari, na ninaposema highway simaanishi hii ya Mombasa inayopita hapa mbele yetu na malori yake, hapana, namaanisha ile isiyoonekana, ambayo haina mashimo, haina polisi, na ambayo serikali yenu sikivu kupitia kamati yangu imeamua kwamba sisi watu wa ndengu na mbaazi hatutaachwa nyuma tukitazama wenzetu wakipaa kwenda milenia mpya na websaiti zao. Kwa hivyo miezi kumi na nane iliyopita tuliunda kamati. Kamati ikaunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikagundua kwamba websaiti ina sehemu mbili ambazo mgeni huziona kabla ya zingine zote, nazo ni kichwa cha ukurasa na milango ya kupitia, na hapo tukaelewa kwamba haya mengine yote, habari zenyewe na nini na nini, yanaweza kungoja.

(Makofi kutoka kwenye sofa.)

Sasa wengine wenu mnauliza, Mheshimiwa, hiki kichwa ni nini? Niwaeleze kitaalamu. Ukurasa wa websaiti huandikwa kwa lugha inayoitwa HTML, na katika lugha hiyo kila kipande cha maandishi hupewa alama ya kukitambulisha, hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha. Na vichwa viko sita. Kuna H1, halafu H2, H3, H4, H5, hadi H6. Tulifundishwa haya na binti yetu Kavata, msichana wa Mzee Kiilu, aliyesomea kompyuta Nairobi na kurudi na cheti. Simwoni leo. Niliambiwa alipanda gari alfajiri kwenda Nairobi. Tutamsamehe, ingawa kiti chake cha plastiki kimekaliwa.

Kavata alipomaliza kutueleza vichwa sita, wanakamati walikuwa wamekunja nyuso, lakini mimi nilielewa papo hapo. Nikasimama nikasema, jamani, hebu tazameni jinsi tunavyoketi kwenye harambee. Mbele kabisa kuna nini? Kuna sofa, zile tunazobeba kutoka nyumbani kwa Chifu pamoja na vitambaa vyake vya kufuma. Hiyo ni H1. Nyuma yake kuna viti vya mikono, H2. Halafu viti vya plastiki visivyo na mikono, H3. Halafu mabenchi ya kanisa, H4. Walioketi kwenye nyasi, H5. Na wale wanaosimama kwa fensi wakishikilia baiskeli, ninawaona, msijifiche, nyinyi ni H6, na hata nyinyi mna haki zenu.

(Vicheko kutoka kwa fensi. Mmoja apiga kengele ya baiskeli.)

Wanakamati walisimama wakanipigia makofi. Ni Kavata tu aliyebaki ameketi, ameshika kichwa. Alisema, Mheshimiwa, hivyo si vyeo vya watu. H1 ni jina la ukurasa wenyewe, moja tu, mtu ajue amefika wapi. H2 ni sehemu zilizo chini yake. Huchagui alama kwa sababu maandishi yake yanatoka makubwa, unachagua kwa sababu ya kazi ambayo hayo maandishi yanafanya. Nikamwambia, Kavata mwanangu, hayo ni mawazo ya chuo, lakini hapa tuko uwanjani. Je, unataka nimwambie Chifu Musembi kwamba yeye ni H3? Akafunga daftari lake. Hakuna anayeweza kumwambia Chifu hivyo.

(Chifu atikisa kichwa taratibu, kukubali.)

Kwa hivyo tulianza zoezi la kugawa vichwa, ambalo lilichukua mikutano thelathini na mmoja. H1 ya kwanza ikaenda kwa mwenyekiti wa kamati. Chifu naye akasema hawezi kukaa chini ya diwani, tukampa H1. Mchungaji akasema yeye hatafuti ukubwa ila kanisa lake lina washarika wengi kuliko lile lingine, tukampa H1, na kesho yake kanisa lile lingine likatuma wazee saba. Mwalimu mkuu, H1. Bwana Thuo alikuwa anatuletea supu tu, lakini alipoona wengine wanapata, akauliza, na nyama ilikuwa bado jikoni, tukampa H1. Mpaka leo hii nina furaha kuwatangazia kwamba ukurasa wa mbele wa websaiti yetu una vichwa thelathini na tisa, na vyote ni H1, na hakuna tarafa nyingine nchini, ukitoka hapa mpaka Kitui na ukizunguka kurudi kwa njia ya Wote, yenye vichwa vingi hivyo.

(Makofi. Watu thelathini na tisa wapiga kwa nguvu zaidi.)

Tulishauriana pia na walemavu, kwa sababu serikali hii haibagui. Tulimwita Mwalimu Kiema, ambaye haoni, na ambaye shule anayofundisha huko mjini ina kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti. Akatueleza vizuri sana kwamba mashine yake ikifika kwenye kichwa, hutangaza, kichwa cha kwanza, fulani, naye huruka kutoka kichwa hadi kichwa mpaka apate anachotafuta, kama vile wewe unavyopitisha macho kwenye gazeti. Sasa, akasema, mkiniwekea vichwa vya kwanza thelathini na tisa, mashine itaniita majina thelathini na tisa, nami nitakuwa bado sijajua ukurasa unahusu nini. Nikamjibu, Mwalimu, unahusu hao thelathini na tisa. Akacheka sana. Karani, andika kwamba walemavu walifurahi.

(Karani ameandika. Mwalimu Kiema, kwenye benchi la kanisa, anacheka hata sasa.)

Nikija kwa suala la milango. Milango ni yale maneno mgeni anayobonyeza ili apite kwenda kurasa za ndani. Kwa jambo hili kamati ilifanya study tour ya siku tatu, usiku mbili, mpaka Mtito Andei, kwa sababu ndipo wageni wengi hupita na ndipo samaki wa kukaanga hupatikana. Pale kwenye kituo kimoja cha petroli tuliona ubao wenye mishale, umeandikwa Choo, Hoteli, Upepo wa Tairi, Kulala. Kavata akatuambia, haya sasa, tazameni, hii ndiyo milango. Ni orodha. Maneno manne, kila moja linasema linapoelekea, na yanakaa mahali pamoja kila siku. Dereva ameendesha lori kutoka Mombasa ameshikwa na tumbo, atafika chooni bila kuuliza mtu. Hata kwenye ukurasa unatumia alama ya orodha kwa sababu milango ni orodha, basi.

Tulivutiwa sana. Lakini mimi niliona kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba dereva yule alifika chooni bila kupita ofisini kwa meneja.

(Kicheko kikubwa. Mheshimiwa angoja kiishe. Hakuwa anatania.)

Mnacheka, lakini hiyo ni governance, utawala bora. Mgeni hawezi kuingia boma la mtu na kwenda moja kwa moja ghalani. Kwa hivyo milango yetu inafuata utaratibu. Wa kwanza ni Salamu za Mwenyekiti. Ndani yake kuna mlango wa Historia ya Mwenyekiti, ambamo kuna mlango wa Mafanikio, ambamo kuna mlango wa Picha za Mafanikio, na kuendelea. Tena juu kabisa kuna maandishi yanayotembea kutoka kulia kwenda kushoto yakiwakawaka, yakitaja jina langu, na picha yangu nikiwa na suti ya kijivu, na mashine ya kuhesabu wageni ambayo tumeamua ianzie elfu kumi, isije tarafa ikaona aibu siku ya kwanza. Kwa takwimu, kichwa kimekamilika kwa asilimia tisini na saba nukta nne, na milango kwa asilimia mia moja kumi na mbili.

(Mwaitu Kasyoka ainua mkono. Ameuinua kwa muda.)

Ndiyo, Mwaitu. Maswali yalikuwa ya mwisho, lakini kwa heshima yako, mpeni kipaza sauti.

(Mwaitu Kasyoka: Asante Mheshimiwa. Mimi nauliza tu, mlango wa vyondo uko wapi?)

Swali zuri sana. Vyondo vimeshughulikiwa.

(Mwaitu Kasyoka: Kwa sababu wewe unajua ile barua. Yule mnunuzi wa ng'ambo alituambia tangu Mei, vikundi ni vingi, yeye atachukua kwa kile atakachoona vyondo vyake kwa interneti kabla ya mwisho wa mwezi huu. Mwisho wa mwezi ni Jumanne. Sisi ni akina mama arobaini na sita. Tumesuka vyondo mia nne, viko stoo nyuma ya kanisa, mkonge wake tumetwanga sisi wenyewe. Mumbua amesuka na mtoto mgongoni. Wengine wetu karo ya Septemba ni hivyo vyondo. Sasa akifungua hiyo websaiti, anabonyeza wapi?)

(Makofi kutoka kwenye nyasi. Hata baiskeli zapiga kengele.)

Mwaitu, kaa, nikueleze bila haraka. Mnunuzi anafungua websaiti, anapokewa na vichwa thelathini na tisa. Anabonyeza Salamu za Mwenyekiti. Akishasalimiwa anabonyeza Historia, halafu Mafanikio, halafu Picha za Mafanikio, halafu Mafanikio Mengine, halafu Jinsia na Mambo ya Kijamii, na mlango wa saba ni Mengineyo, na humo ndani, Mwaitu, ndimo mtakamokaa nyinyi, pamoja na nyuki na mpira wa miguu.

(Mwaitu Kasyoka: Mlango wa saba.)

Wa saba, lakini umechorwa vizuri.

(Mwaitu Kasyoka: Mimi mgeni akija kwangu kuangalia chondo, simwonyeshi kwanza picha ya bwanangu.)

(Kicheko cha akina mama, na cha bwana yake. Mwaitu aketi, lakini hacheki.)

Asante kwa maoni hayo, yatapelekwa kwa kamati ndogo. Jambo lingine ambalo ningependa mlijue, na hili lawahusu wajukuu zenu, ni kwamba katika utafiti wetu tuligundua lugha hiyo ya HTML yenyewe ina upungufu. Tulimuuliza Kavata, alama ya kuonyesha kwamba hapa ndipo kipaji cha ukurasa, yaani eneo lote la juu, ni ipi? Akasema haipo. Na alama ya kusema kwamba hapa ndipo pa milango? Haipo pia, watu huunga tu kwa orodha na majedwali. Nilishangaa. Kamati ikaazimia kwa kauli moja niwaandikie hao wanaotunga lugha hiyo huko ng'ambo, nikiwataka walete alama ya kichwani, alama ya milangoni na, Bwana Thuo aliongeza, alama ya miguuni. Barua ilitumwa Aprili na muhuri wa kamati. Hawajajibu, lakini mimi najua siku moja watafanya, nao hawatanitaja.

(Makofi ya huruma.)

Naona kuna mtu anapita katikati ya mkutano. Nani huyo? Ah, Kavata. Karibu mwanangu, ingawa saa zimekwenda. Hapana, kaa hapo hapo na akina mama, nyasi ni nzuri pia. Hiyo karatasi umeshika utaniletea baadaye.

Niendelee. Wapinzani wangu wanasema kwamba websaiti ni kitu cha matajiri. Wengine wanasema mwaka elfu mbili ukiingia, mdudu wa Y2K atakula kompyuta zote duniani. Nataka niwahakikishie, na mnaweza kwenda kulala mkiwa na amani, kwamba kompyuta ya Tarafa ya Kavuthini haitaguswa na mdudu huyo wala mwingine yeyote, kwa sababu ambazo nitazigusia wakati wa kutoa shukrani. Akina mama, naomba utulivu. Naona mnapitishiana karatasi. Mutindi, mbona unalia na huku unacheka? Tutazindua sasa hivi.

Kabla kitambaa hakijaondolewa, tuseme pamoja. Kichwa kikubwa.

(Wachache: Maendeleo makubwa.)

Milango mingi.

(Wachache zaidi: Wageni wengi.)

Harambee.

(Hee. Hili wanalijua.)

Vuta kitambaa. Taratibu. Haya.

(Kitambaa chavutwa. Ni ubao wa plywood, futi nane kwa nne, uliopakwa rangi ya samawati, wenye picha ya Mheshimiwa na vichwa thelathini na tisa kwa rangi nyekundu. Mlango wa saba umekatwa kwa sababu ubao uliisha.)

Hiyo ndiyo websaiti yenu. Sasa nitoe shukrani. Namshukuru fundi Nzomo, mchoraji wa mabango ya maduka, aliyeichora kwa wiki mbili akiwa juu ya ngazi. Nawashukuru watu wa stima, ambao nguzo zao ziko kilomita kumi na moja tu kutoka ofisini kwetu na zinakuja. Nawashukuru watu wa simu, walioahidi waya. Namshukuru mapema yule mfadhili ambaye bado hatujamjua, atakayetupatia kompyuta ya kuweka haya yote ndani, ili mradi uweze kuanza. Na namshukuru Kavata kwa, ndiyo, nini sasa? Akina mama, mbona mnasimama wote? Mwaitu Kasyoka, mnakwenda wapi na mimi bado nashukuru?

(Mwaitu Kasyoka: Kupakia, Mheshimiwa. Mnunuzi amejibu. Anataka vyondo vyote mia nne. Kuna lori linateremka Mombasa liko hapo barabarani, dereva amesema anatungoja nusu saa tu.)

Amejibu? Amejibu nini, na websaiti nimeizindua dakika hii?

(Kavata: Mheshimiwa, usikasirike. Niliandika kaukurasa kadogo kwa kompyuta ya rafiki yangu Wanjiro huko Nairobi, wiki tatu zilizopita, nikamtumia mnunuzi anwani yake. Sikuwaambia akina mama mapema, nisiwape matumaini bure. Jana usiku Wanjiro alipiga simu hotelini kwa Bwana Thuo akasema kuna barua ya mnunuzi, ndiyo nikakimbilia huko asubuhi.)

Ukurasa mdogo. Una picha zinazowakawaka?

(Kavata: Hauna. Una kichwa kimoja na orodha ya milango mitatu: Vyondo, Sisi ni Nani, Kuagiza. Mwalimu Kiema aliusikiliza kwa mashine yake kabla sijauweka hewani. Alisema amefika kwa vyondo kabla chai haijapoa.)

(Mwalimu Kiema: Nilikuwa bado sijaweka sukari.)

(Akina mama wanaimba. Wameshafika fensi. Watu wa baiskeli wanajitolea kubeba.)

Kavata, subiri. Nijibu mbele ya wananchi, na usiniogope. Kwa huo ukurasa wenu, mimi niko H ngapi?

(Kavata: Wewe humo, Mheshimiwa. H1 ni Vyondo vya Kavuthini.)

Hata H6?

(Kavata: Hata H6.)

Sawa. Naomba hilo lisiandikwe.

(Limeandikwa.)

Basi wananchi mliobaki, kwa mamlaka niliyonayo natangaza kwamba mradi umefaulu kuliko ilivyokadiriwa, na sasa Mchungaji atatufungia kwa maombi. Mchungaji? Aaah, naye anafungua stoo ya kanisa. Chifu, ongoza wewe. Chifu? Bwana Thuo?

(Kwenye sofa hakuna mtu. Kutoka barabarani Mwaitu Kasyoka anaita kwamba vyondo ni vingi, dereva anawasha gari, na kama Mheshimiwa amemaliza, wamekosa mtu mrefu wa kupanga vya juu.)

Nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Karani, nishikie koti.